Maerli wa Northumbria: Cheo cha Mfalme, Nchi ya Wenyewe

Uhtred aliuawa mwaka 1016. Ealdred aliuawa 1038, na mdogo wake Eadwulf akamfuata 1041. Copsi na Osulf waliuawa mwaka mmoja, 1067. Robert wa Comines aliuawa 1069, Waltheof 1076, Walcher 1080. Watu wanane hawa, kwa nyakati tofauti, walishika utawala wa Northumbria yote au kipande chake, nchi ya kaskazini mwa Uingereza inayoanzia mto Humber hadi mpaka wa Uskoti, na hakuna hata mmoja aliyefia kitandani. Yupo pia Tostig, aliyefukuzwa mwaka 1065 na kufa vitani mwaka uliofuata.

Kwa nini iwe hivyo? Waandishi wa kusini, wa zama zile na wa baadaye, waliona jibu ni jepesi: watu wa kaskazini walikuwa wakali, hawajui adabu wala sheria. Jibu hilo linaacha swali pale pale. Watu hao hao waliishi vizazi vingi chini ya ukoo mmoja wa Bamburgh na kuulinda. Walichokikataa ni kutawaliwa na mtu aliyeletwa kwa barua ya mfalme, asiye na nduguze wala mashamba wala marafiki katika nchi ile. Mfalme aliweza kutoa cheo, lakini watu wa kukitii hakuwa nao. Historia ya maerli wa Northumbria ni historia ya wafalme waliokataa kulielewa jambo hilo, mpaka mmoja wao akaamua kuimaliza nchi yenyewe.

Ufalme uliopasuka, 867–954

Kabla ya kuwa jimbo, Northumbria ilikuwa ufalme. Waanglia-Saksoni waliuunda kwa kuunganisha falme mbili: Deira upande wa kusini, mji wake mkuu ukiwa York, na Bernicia upande wa kaskazini, iliyotawaliwa kutoka Bamburgh, ngome iliyokaa juu ya jabali la ufukweni linalotazama Bahari ya Kaskazini. Mwaka 866 jeshi kubwa la Waviking liliingia York. Wafalme wawili waliokuwa wakigombea kiti, Osberht na Ælla, walipatana kwa kuchelewa, wakauvamia mji pamoja mwezi Machi 867, na wote wawili wakafa. Mwaka 876 kiongozi wa Wadenmark, Halfdan, aliwagawia askari wake ardhi, nao wakaanza kulima na kujilisha.

Tangu hapo nchi ikapasuka katikati. Kusini mwa mto Tees walikaa wakulima na makabaila wa asili ya Kidenmark, wenye desturi na sheria zao. Kaskazini ya mto huo Waviking hawakujenga makao ya kudumu, na watu waliendelea kumtii bwana wao wa Bamburgh. Eadwulf, mmoja wa mabwana hao, alipofariki mwaka 913, waandishi wa kumbukumbu za Ireland walimwita mfalme wa Wasaksoni wa kaskazini. Mwanawe Ealdred alinyang'anywa nchi na Ragnall, Mviking aliyetoka upande wa Ireland, akakimbilia kwa Waskoti, akarudi kupigana naye Corbridge mwaka 918, na ukoo ukadumu.

Wakati huo huo, kusini, wafalme wa Wessex walikuwa wakipanua mamlaka yao kipande kwa kipande. Mwezi Julai 927 Mfalme Athelstan, akiwa ameshaichukua York, aliwakutanisha wakuu wa kaskazini Eamont, na Ealdred wa Bamburgh akawa miongoni mwa waliokubali kuwa chini yake. Kisha mwaka 954 mfalme wa mwisho wa Kiviking wa York, Eric, aliuawa katika nyika ya Stainmore. Mfalme Eadred wa Wessex alimkabidhi Oswulf wa Bamburgh nchi yote, Humber hadi mpakani. Ufalme ulikoma hapo. Kilichobaki kilikuwa jimbo, na mkuu wake alipaswa kukumbuka kwamba kuna mfalme juu yake, hata kama mfalme huyo alikuwa safari ya siku nyingi kwa farasi.

Cheo na gharama yake

Katika Wessex, mtawala wa jimbo aliitwa ealdoman. Mfalme alimteua, naye aliongoza askari wa jimbo vitani, alikaa barazani pamoja na askofu wakati wa kuamua kesi, na alifaidi sehemu ya mapato ya mfalme. Ufalme ulipotanuka, maealdoman nao walitanuka. Athelstan wa Anglia Mashariki, aliyeshika madaraka kuanzia 932 hadi 956 kisha akajifungia katika monasteri ya Glastonbury, alikuwa na nguvu kiasi cha kupewa na watu jina la Nusu-Mfalme.

Wadenmark walipoitwaa Uingereza yote chini ya Mfalme Cnut mwaka 1016, cheo kilibadilika jina kikawa erli, kutokana na lugha yao, na mawanda yake yakakua. Mwaka 1017 Cnut aliigawa nchi mafungu manne: Wessex akabaki nayo mwenyewe, Anglia Mashariki akampa Thorkell, Mercia akampa Eadric, Northumbria akampa Eric wa Norwei. Sheria zake zinatuonyesha erli alikuwa mtu wa aina gani. Erli akifa, warithi wake walitakiwa kumrudishia mfalme farasi 8, wanne wenye matandiko na wanne wasio nayo, kofia 4 za chuma, deraya 4, mikuki 8, ngao 8, panga 4, na dhahabu ya uzito wa mankusi 200. Kwa hesabu ya sheria, basi, erli alikuwa askari aliyevishwa na mfalme, na vifaa alivyovaa vilikuwa vya kuazimwa. Alipata pia theluthi ya faini za mahakama ya jimbo na ya ushuru wa miji.

Sheria hizo ziliandikwa kusini kwa macho ya kusini. Huko Bamburgh hakuna aliyeona kwamba ukoo ule umeazimwa chochote.

Kisasi cha Uhtred, 1006–1041

Mwaka 1006 Malcolm wa Pili, mfalme wa Waskoti, aliizingira Durham, mji mchanga uliokuwa umejengwa miaka michache tu kabla kuzunguka kaburi la Mtakatifu Cuthbert. Erli wa Bamburgh wakati huo, Waltheof, alikuwa mzee, akajifungia ngomeni. Mwanawe Uhtred hakungoja amri. Alikusanya watu wa kaskazini na wa York pia, akawavunja Waskoti. Mwandishi wa Durham aliyeandika habari hizi mwishoni mwa karne ya 11 anasema vichwa vya waliouawa vilivyokuwa na nywele nzuri zilizosukwa vilichaguliwa, vikapelekwa mjini, na wanawake wanne wakapewa kazi ya kuviosha na kuvichana kabla havijachomekwa juu ya miti kuzunguka ukuta. Kila mwanamke alilipwa ng'ombe mmoja.

Mfalme Æthelred alimpa Uhtred nafasi ya baba yake angali hai, na York juu yake. Kwa mara nyingine mtu mmoja akashika pande zote mbili za Tees, na Uhtred alijua kwamba upande wa kusini unahitaji ndoa. Alimwacha mke wake wa kwanza, binti wa askofu wa Durham, akamwoa binti wa Styr, tajiri wa York. Mahari yake ilikuwa na sharti moja: amuue adui wa Styr, kabaila wa Kidenmark aitwaye Thurbrand. Uhtred hakulitimiza sharti hilo. Baadaye akapanda daraja zaidi akamwoa Ælfgifu, binti wa mfalme mwenyewe, na watu wake wakasahau habari za Styr. Thurbrand hakusahau.

Cnut alipokuja kuitwaa nchi mwaka 1016, Uhtred alikubali kwenda kumwangukia. Alifika mahali paitwapo Wiheal akiwa na watu 40, kwa ahadi ya usalama. Ndani ya ukumbi lilikuwa limetandazwa pazia. Askari wa Thurbrand wakatoka nyuma yake, na Uhtred na watu wake 40 wakauawa papo hapo. Mfalme mpya hakumwadhibu mtu.

Bamburgh ilimwendea Eadwulf, mdogo wa Uhtred, ambaye mwandishi wa Durham anamwita mvivu na mwoga na kumlaumu kwa kuwaachia Waskoti Lothian. York ilibaki kwa watu wa Cnut. Aliyelipa deni la damu ni Ealdred, mwana wa Uhtred, kwa kumuua Thurbrand. Hapo mwana wa Thurbrand, Carl, akalirithi deni hilo. Wawili hawa waliviziana miaka mingi. Mwishowe wazee na marafiki wa pande zote waliingilia kati, wakapatana, wakala yamini ya udugu, wakaahidiana kwenda kuhiji Roma pamoja. Walifika pwani, lakini bahari ilichafuka wakashindwa kusafiri. Wakarudi. Carl akamkaribisha Ealdred nyumbani kwake, akamlisha na kumnywesha kwa siku kadhaa, kisha akamchukua kumtembeza msituni kama mtu anayemwonyesha mgeni mali yake, akamuua. Ilikuwa mwaka 1038. Msalaba mdogo wa mawe uliwekwa mahali pale.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu bila hilo hakuna kinachofuata kitakachoeleweka. Visasi hivi havikuwa ugomvi wa watu wawili. Vilikuwa mpaka wa Tees wenyewe, upande wa Kibamburgh na upande wa Kidenmark, na kila mfalme aliyetaka kuweka erli mmoja juu ya nchi nzima alikuwa anamweka juu ya mpaka huo.

Eadwulf, ndugu wa Ealdred, alishika nafasi. Mwaka 1041 alikwenda kusini kupatana na Mfalme Harthacnut. Aliuawa akiwa chini ya ahadi ya usalama ya mfalme, na kumbukumbu za Waanglia-Saksoni zinamwita mfalme huyo mvunja ahadi. Aliyemuua ni Siward.

Siward, 1041–1055

Siward alikuwa Mdenmark aliyekuwa tayari erli wa York. Baada ya kumuua Eadwulf alikuwa na upanga na alikuwa na cheo, lakini alijua havitoshi. Alimwoa Ælfflæd, binti wa yule Ealdred aliyeuawa msituni. Kwa ndoa hiyo watoto wake wangekuwa damu ya Bamburgh, na alipompata mtoto wa kiume alimpa jina la babu mzaa babu wa mama yake: Waltheof. Kwa miaka 14 nchi yote ilikaa chini ya mkono wake, na ingawa mkono huo ulikuwa mzito, hakuna aliyeandika habari za uasi.

Wasomaji wa Makbeth ya Shakespeare, pamoja na waliosoma tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi, wamekutana naye. Siward ndiye mzee wa Kiingereza anayeongoza jeshi dhidi ya Macbeth na kumpoteza mwanawe vitani. Msingi wa kisa ni wa kweli. Tarehe 27 Julai 1054 Siward aliwapiga Waskoti kwa hasara kubwa ya pande zote, na mwanawe mkubwa, Osbjorn, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Macbeth halisi alitoroka siku hiyo, akaishi hadi 1057.

Siward mwenyewe alikufa kwa ugonjwa York mwaka 1055. Henry wa Huntingdon, aliyeandika karne iliyofuata, anasema mzee aliona aibu kufa kama ng'ombe, akaagiza avikwe deraya na kofia ya chuma, ashike ngao na shoka, afe kiaskari. Alizikwa katika kanisa alilolijenga mwenyewe mjini humo. Mrithi wa damu, Waltheof, alikuwa bado mtoto, na hilo likampa Mfalme Edward nafasi ya kumteua amtakaye.

Tostig na uasi wa 1065

Alimteua shemeji yake. Tostig alikuwa mwana wa Godwin, erli wa Wessex, familia tajiri kuliko zote nchini baada ya mfalme. Dada yake Edith alikuwa malkia, kaka yake Harold alikuwa erli wa Wessex. Hakuwa na shamba la urithi kaskazini wala mke wa kaskazini. Mkewe, Judith, alitoka Flandria.

Haki itendeke kwake: alikuta nchi yenye ujambazi mwingi. Mwandishi aliyeandika maisha ya Mfalme Edward kwa ajili ya Malkia Edith anasema hata watu 20 au 30 wakisafiri pamoja hawakuwa salama njiani, na Tostig alikomesha hali hiyo kwa kuua na kukata viungo. Lakini mwandishi huyo huyo, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumtetea, anakiri kwamba wengine walimwona amezidisha.

Makosa yaliyomwangusha yanajulikana kwa majina. Kabaila Gamel mwana wa Orm na mwenzake Ulf mwana wa Dolfin walikuja kwake York kwa mazungumzo ya amani, wakauawa chumbani mwake. Kabaila mwingine, Gospatric, aliuawa katika makazi ya mfalme wakati wa Krismasi 1064, na mkono uliopanga mauaji hayo ulisemwa ni wa malkia kwa faida ya kaka yake. Kisha ikaja kodi. Northumbria ilikuwa imezoea kulipa kidogo kuliko kusini, na Tostig alitaka kuifikisha kiwango cha wengine.

Tarehe 3 Oktoba 1065, Tostig akiwa anawinda na mfalme huko Wiltshire, makabaila wapatao 200 waliingia York na silaha. Waliwaua makamanda wake wawili wa Kidenmark, siku ya pili wakawaua askari na watumishi wake zaidi ya 200, wakavunja ghala la silaha, wakabeba dhahabu na fedha. Kinachonishangaza katika uasi huu ni utaratibu wake. Hawakuishia kuchoma na kutawanyika. Walikutana, wakamtangaza Tostig mhalifu, wakamchagua Morcar, kijana wa ukoo wa maerli wa Mercia, awe erli wao, wakateremka kusini na jeshi hadi Northampton kumdai mfalme athibitishe uamuzi wao na kurudisha sheria za Cnut. Watu wa Tees pande zote mbili walikuwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku za Uhtred mbele ya Durham. Wakulima wa Northampton, ambao hawakuwa na kosa lolote, walilipa gharama: nafaka zilichomwa, mifugo ikaswagwa na watu wakachukuliwa mateka.

Harold alitumwa kuzungumza nao. Alirudi na jibu lile lile aliloendea: hawamtaki. Mfalme alitaka vita, lakini hakupata watu wa kuvipigana, na mwishoni mwa Oktoba, Oxford, akakubali yote. Tostig alimshutumu kaka yake hadharani kwamba ndiye aliyewachochea waasi, Harold akala kiapo kujisafisha. Tostig akaenda uhamishoni Flandria na kinyongo chake. Morcar alikuwa na busara ya kutojitwisha kila kitu. Ng'ambo ya Tyne alimwachia Osulf, mwana wa Eadwulf aliyeuawa 1041.

Mwaka wa wafalme watatu

Edward alikufa tarehe 5 Januari 1066, Harold akavikwa taji. Yaliyofuata yanajulikana. Tostig alirudi pamoja na Harald, mfalme wa Norwei. Tarehe 20 Septemba waliwashinda Morcar na ndugu yake Edwin huko Fulford, karibu na York. Tarehe 25 Septemba Harold wa Uingereza aliwafikia kwa kasi na kuwaua wote wawili Stamford Bridge. Siku 19 baadaye, tarehe 14 Oktoba, alikuwa amekufa yeye mwenyewe Hastings, na William wa Normandi akawa mfalme.

Wanaosimulia 1066 mara nyingi huanzia upande wa pili wa bahari, Normandi. Mimi naona mlango ulifunguliwa York, Oktoba 1065. Bila ule uasi Tostig asingekuwa adui wa kaka yake, na Harold huenda asingekuwa kaskazini wakati William anashusha farasi wake kusini.

William anajaribu kuuza cheo, 1067–1070

Mfalme mpya alirudia kosa la zamani mara tatu ndani ya miaka miwili. Kwanza alimpa kaskazini ya Tyne Copsi, aliyekuwa naibu wa Tostig na mshirika wa chuki yake. Copsi alidumu wiki tano. Tarehe 12 Machi 1067 Osulf alimvamia akiwa kwenye karamu Newburn. Copsi akakimbilia kanisani, kanisa likatiwa moto, na alipotoka mlangoni Osulf akamkata kichwa kwa mkono wake. Vuli ya mwaka huo Osulf naye alichomwa mkuki na jambazi.

Kisha Gospatric mwingine, mjukuu wa Uhtred kwa yule mke aliyekuwa binti wa mfalme, alikwenda kwa William na fedha nyingi akakinunua cheo. Huyu alikuwa mwenyeji, na pengine angefaa, lakini mwaka 1068 aliingia katika uasi wa kaskazini, ukashindwa, akakimbilia Uskoti.

Mara ya tatu William alimtuma Robert wa Comines, mgeni kabisa, na mamia ya askari. Januari 1069 Robert alikaribia Durham. Askofu Æthelwine alimtokea njiani akamwonya kwamba jeshi linamngoja. Robert hakusikia. Askari wake waliingia mjini, wakapora na kulala katika nyumba za watu. Alfajiri watu wa kaskazini walivunja malango, wakawachinja Wanormani mitaani hadi njia zikajaa. Robert alijihami katika nyumba ya askofu. Nyumba ikachomwa naye akiwa ndani. Moto uliruka kuelekea mnara wa kanisa la Mtakatifu Cuthbert, watu wakapiga magoti kuomba, upepo ukageuka. Katika jeshi lote la Robert aliyeponea chupuchupu alikuwa mmoja, labda wawili.

Septemba ya mwaka huo meli 240 za Wadenmark ziliingia mto Humber. Gospatric alirudi kujiunga nao, na pamoja naye Waltheof, mwana wa Siward, ambaye sasa alikuwa kijana wa kupigana. Wana wanne wa Carl walikuwemo pia, wajukuu wa Thurbrand, bega kwa bega na kitukuu wa Uhtred. Tarehe 21 Septemba ngome mbili za William mjini York ziliangushwa. Waltheof alisifiwa kwa kusimama langoni na kuwakata vichwa Wanormani walipokuwa wakitoka.

William alipofika hakupata jeshi la kupigana nalo. Wadenmark walirudi kwenye meli zao, akawalipa waondoke. Watu wa kaskazini walitawanyika milimani na misituni. Basi akapigana na chakula. Majira ya baridi ya 1069 hadi 1070, baada ya kusherehekea Krismasi York na taji lake lililoletwa kutoka Winchester, alituma vikosi kijiji kwa kijiji: nafaka, mifugo, majembe na vyombo vilirundikwa na kuchomwa. Watu walikufa njaa. Mwandishi wa Durham anasimulia maiti zilizooza barabarani bila wa kuzizika, na vijiji kati ya York na Durham vilivyokaa miaka tisa bila mtu. Wakimbizi walifika hadi monasteri ya Evesham, mbali kusini-magharibi, wakifa malangoni hata baada ya kupewa chakula. Orderic Vitalis, ambaye kwa kawaida alimsifu William, aliandika kwamba hawezi kumsifu kwa tendo hilo, kwa kuwa lilimwangamiza mwenye hatia na asiye na hatia. Miaka 16 baadaye, maofisa walioandika Kitabu cha Domesday waliandika kijiji baada ya kijiji cha Yorkshire kwa neno moja: ukiwa. Kaskazini ya Tees hawakufika kabisa.

Ninaposoma habari za maerli na vyeo vyao, hapa ndipo ninapoona vigumu kuendelea. Waliokufa majira yale hawakumchagua Gospatric wala hawakumchoma Robert. Walikuwa wenye ng'ombe wawili na kihenge cha shayiri.

Waltheof, 1072–1076

William aliwasamehe viongozi. Gospatric alirudishiwa cheo, akanyang'anywa tena mwaka 1072 kwa shutuma kwamba alihusika na mauaji ya Durham. Akaenda Uskoti, ambako Mfalme Malcolm wa Tatu alimpa Dunbar, na kizazi chake kikawa maerli huko kwa karne nyingi. Waltheof alipendelewa zaidi. Alipewa Judith, mpwa wa mfalme, awe mke wake, na mwaka 1072 akapewa Northumbria.

Alikuwa mcha Mungu, na jambo la kwanza tunalomjua nalo katika cheo hicho ni mauaji. Wana na wajukuu wa Carl, wale wale waliopigana upande wake York, walikusanyika kwa chakula katika nyumba ya kaka yao mkubwa Settrington. Watu wa Waltheof waliwavamia mezani. Kati ya ndugu hao walimwacha Cnut peke yake kwa sababu ya tabia yake njema, na Sumarled alipona kwa kuwa hakuwepo. Damu ya Ealdred, babu mzaa mama wa Waltheof, ilikuwa imelipwa baada ya zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1075, katika harusi ya Ralph, erli wa Anglia Mashariki, huko Exning, bwana harusi na shemeji yake Roger, erli wa Hereford, walimshawishi Waltheof wagawane ufalme wakati William yuko Normandi: mmoja awe mfalme, wawili wawe chini yake. Waltheof aliwasikiliza, kisha akajuta, akaenda kuungama kwa Askofu Mkuu Lanfranc, akavuka bahari kumwambia William mwenyewe. Haikumsaidia. Ralph alitoroka. Roger, Mnormani, alihukumiwa kwa sheria za Kinormani akafungwa. Waltheof alihukumiwa kwa sheria ya Kiingereza, na alfajiri ya tarehe 31 Mei 1076, juu ya kilima nje ya Winchester, akakatwa kichwa. Mwili wake ulizikwa Crowland, na haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kwenda kuomba kaburini.

Askofu Walcher, 1080

Safari hii William aliweka cheo mikononi mwa Askofu Walcher wa Durham, mtu wa Lotharingia, msomi na mpole. Alikuwa na mshauri mwenyeji, Ligulf, ambaye mkewe alikuwa binti wa Erli Ealdred. Kwa muda mpango huo ulifanya kazi, kwa sababu kupitia Ligulf watu waliona ukoo wao bado una sauti. Kasisi wa askofu, Leobwin, aliona wivu. Alimchochea Gilbert, ndugu wa askofu aliyesimamia jimbo, naye usiku mmoja akamvamia Ligulf nyumbani akamuua pamoja na karibu jamaa yake yote.

Walcher aliapa hakuhusika, lakini aliendelea kuwakumbatia wauaji. Tarehe 14 Mei 1080 alikutana na watu Gateshead kutafuta suluhu, wakamfungia kanisani. Alimtoa Gilbert nje, akauawa; akatoka mwenyewe, akauawa; kanisa likachomwa Leobwin akiwa ndani. Aliyesemekana kumpiga askofu ni Eadwulf Rus, mjukuu wa yule Gospatric wa Krismasi 1064.

Odo, ndugu wa mfalme, alikuja kuadhibu, akaharibu kile kilichokuwa kimeanza kuchipua tangu 1070. Vuli hiyo Robert, mwana wa mfalme, akitoka vitani Uskoti, alijenga ngome mpya ukingoni mwa Tyne, na mji uliokua pale unaitwa hadi leo Newcastle.

Mwisho wa Bamburgh, 1095

Mnormani aliyefuata, Aubrey wa Coucy, alikitupa cheo akarudi kwao. Robert wa Mowbray alikishika kwa nguvu. Watu wake, wakiongozwa na Morel, walimuua Malcolm wa Uskoti karibu na Alnwick tarehe 13 Novemba 1093. Lakini mwaka 1095 Mowbray alipora meli nne za wafanyabiashara wa Norwei, akaitwa kujibu mbele ya Mfalme William Rufus, akakataa kwenda. Mfalme aliizingira Bamburgh. Jabali lile halikupandika, akajenga mbele yake ngome ya mbao aliyoipa jina la Jirani Mbaya. Mowbray alitoka usiku akakamatwa. Walimleta mbele ya malango, wakamwambia mkewe Matilda aliyekuwa akiishikilia ngome pamoja na Morel kwamba wasipofungua, mumewe atang'olewa macho. Wakafungua.

Hakuna aliyeteuliwa baada yake. Rufus aliichukua nchi mwenyewe, akaweka sherifu wa kukusanya mapato na kuyatolea hesabu. Kusini mwa Tyne askofu wa Durham alibaki na mamlaka yake, na mabwana wadogo wa Kinormani waligawiwa mashamba mapya, kila mmoja na ngome yake ndogo, hakuna aliyekuwa mkubwa kiasi cha kuitwa erli. Walichoshindwa wafalme kwa kuteua watu kiliwezekana kwa sababu makabaila waliokusanyika York mwaka 1065 hawakuwepo tena, wala vijiji vilivyowapa askari.

Jina la erli lilirudi mwaka 1139, wakati Mfalme Stephen, akielemewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipolazimika kumpa Northumbria Henry, mwana wa David, mfalme wa Waskoti. Mama yake Henry alikuwa Matilda, binti wa Waltheof na Judith. Henry alikufa mwaka 1152 kabla ya baba yake, na mwaka 1157 Henry wa Pili wa Uingereza akamtaka mwana wa Henry huyo aliyekufa, Malcolm wa Nne, aliyekuwa na umri wa miaka 16, airudishe nchi hiyo, naye akairudisha.